Hedifoni za kuzima kelele: Hesabu saa kabla ya kuhesabu dola

Na Mwandishi Wetu

WAFANYABIASHARA wanaosafiri kufuata mzigo Dubai na Guangzhou, pamoja na wenye maduka ya vifaa vya simu wanaowauzia, wanakutana na bidhaa moja yenye bei ya kutatanisha. Ni hedifoni kubwa zinazofunika sikio zima, zisizo na waya, zenye uwezo wa kuzima kelele za nje. Kwenye rafu moja utaikuta jozi inayouzwa kwa bei ya viatu vya mtoto, na pembeni yake jozi inayofanana nayo kwa rangi na umbo, ambayo bei yake inatosha kununua simu nzuri ya mkononi.

Mnunuzi anataka kujua tofauti hiyo kubwa ya bei inalipia nini. Muuzaji naye anataka kujua kama ni busara kufunga mtaji wake katika bidhaa ya namna hiyo.

Jibu la ukurasa huu ni kwamba sehemu kubwa ya bei inalipia ukimya, na ukimya wenyewe ni wa aina moja tu ya kelele. Mtu anayekaa saa nyingi ndani ya kelele hiyo hununua chombo cha kazi. Asiyekaa humo hununua pambo la shingoni. Kwa hiyo kabla ya kuhesabu dola, hesabu saa.

Mwandishi wa makala haya alijifunza jambo hili kwa fedha zake mwenyewe. Miaka michache iliyopita alinunua mtaani jozi yenye nembo ya kampuni kubwa kwa Sh 95,000, akaivaa katika safari ya basi kutoka Dar es Salaam kwenda Mbeya. Alipobonyeza kitufe cha kuzima kelele, taa ya kijani iliwaka na muziki ukapanda kidogo. Mngurumo wa injini ulibaki pale pale. Baada ya miezi minne betri haikuweza kumaliza hata saa mbili, na aliporudi kwa muuzaji alikuta fremu imepangishwa mtu mwingine. Hasara ilikuwa ndogo, lakini mtu mwenye mtaji wa duka akifanya kosa hilo hilo kwa jozi 40, duka linafungwa.

Wazo la zamani, soko la juzi

Wazo la kuua sauti kwa sauti si geni. Mjerumani Paul Lueg aliomba hataza yake mwaka 1933, na mwaka 1936 akapewa hataza ya Marekani. Maelezo yake ni rahisi kuyafuata. Sauti husafiri kwa mawimbi, na kila wimbi lina kilele na bonde. Ukilipelekea wimbi hilo wimbi jingine ambalo bonde lake linaangukia kwenye kilele cha lile la kwanza, mawili hayo hufutana na sikio halipati kitu.

Tatizo la Lueg lilikuwa ni kwamba wakati wake hapakuwa na vifaa vya elektroniki vyenye kasi ya kufanya kazi hiyo. Biashara ilianza baadaye sana. Mwaka 1978 Amar Bose, profesa wa chuo cha MIT cha Marekani na mwanzilishi wa kampuni ya Bose, alipanda ndege kutoka Zurich kwenda Boston. Alipewa hedifoni za ndani ya ndege, akashindwa kufurahia muziki kwa sababu ya kelele za injini, na humo humo safarini akaanza kupiga hesabu za namna ya kuzifuta.

Hesabu hizo zilichukua zaidi ya miaka kumi kugeuka bidhaa. Mwaka 1986 vifaa vya majaribio vilivaliwa na marubani wa ndege ya Voyager iliyozunguka dunia bila kutua. Mwaka 1989 Bose ikaanza kuwauzia marubani, na abiria wa kawaida wakafikiwa mwaka 2000 kwa bidhaa iliyoitwa QuietComfort. Mwaka 2016 Bose ilitoa QuietComfort 35 isiyo na waya, na mwaka huo huo Sony ya Japani ikaingia na MDR-1000X. Tangu hapo kampuni hizo mbili zimekuwa zikikimbizana, huku Apple, Sennheiser na kampuni za China zikifuata kwa nyuma.

Historia hiyo ina somo kwa mnunuzi. Kifaa hiki kilizaliwa ndani ya ndege, kikakulia kwa marubani, na mpaka leo ndege ndiyo mahali kinapofanya kazi vizuri kuliko pengine popote.

Kelele ipi inazimika

Ndani ya kila kikombe cha hedifoni kuna vinasa sauti vidogo. Vinasikia kelele ya nje, vinaipeleka kwenye chipu, na chipu inatengeneza wimbi la kinyume ndani ya sehemu ndogo sana ya sekunde. Betri ndiyo inayolipa gharama ya kazi hiyo.

Kazi hiyo huwa nyepesi kwa sauti nzito zinazonguruma bila kubadilika. Sauti yenye mitetemo 100 kwa sekunde, kama mngurumo wa injini, ina wimbi lenye urefu wa mita 3.4 hivi. Chipu ikichelewa kidogo, hesabu bado inakubali. Sauti kali yenye mitetemo 2,000 kwa sekunde ina wimbi la sentimita 17 tu, na kosa dogo la muda linatosha kuharibu hesabu nzima. Ndiyo maana sauti nyembamba huachiwa sponji na ngozi ya kikombe kuzizuia, kama mtu anavyoziba sikio kwa kiganja.

Matokeo yake ni haya. Mngurumo wa ndege, feni, kiyoyozi, jenereta, injini ya basi na matairi juu ya lami hupungua sana. Mtoto anayelia, jirani anayezungumza, honi ya bodaboda na sahani zinazogongana hupungua kidogo tu.

Abiria wa basi la mkoani azingatie hilo. Basi lina kelele mbili, ya injini na ya runinga iliyofungwa juu ya dereva. Ya kwanza itazimwa. Ya pili, yenye filamu na nyimbo tangu Ubungo hadi mwisho wa safari, itabaki ikisikika kwa mbali. Abiria wa treni ya umeme ya Dar es Salaam hadi Dodoma, iliyoanza kazi mwaka 2024, hana mngurumo wa dizeli wa kuzima, hivyo faida anayoipata ni ndogo kuliko ya mtu wa ndege.

Vipimo vinne vya kuangalia

Mnunuzi anayetaka kulinganisha jozi mbili asianze na rangi wala nembo. Kuna mambo manne ya kupima.

La kwanza ni ukimya wenyewe. Usipimie katika duka lililo kimya. Tafuta jenereta, feni kubwa au kiyoyozi, simama karibu, vaa hedifoni bila kuwasha muziki, kisha washa na zima kitufe cha kuzima kelele mara tatu au nne. Katika jozi ya kweli mngurumo huanguka ghafla kama mtu aliyefunga mlango. Ukisikia tofauti ya kubahatisha, irudishe. Baadhi ya watu huhisi masikio yakiziba kama wakati ndege inapopanda. Ukiwa miongoni mwao, vaa dakika 15 kabla ya kulipa.

La pili ni muziki. Chagua wimbo unaoujua kwa miaka, si ule anaouchagua muuzaji. Mpenzi wa taarab asikie kama fidla na kanuni zimetengana au zimevurugana. Mpenzi wa zilipendwa asikie kama gitaa la besi linatembea lenyewe bila kulifunika gitaa la solo. Jozi nyingi za bei ndogo huongeza besi kupita kiasi, kwa sababu besi humvutia mteja katika dakika ya kwanza na kumchosha katika saa ya pili.

Ieleweke pia kuwa Bluetooth haipitishi muziki wote ulivyo. Muziki wa CD una kasi ya kilobiti 1,411 kwa sekunde, wakati njia ya LDAC ya Sony, ambayo ni miongoni mwa njia pana, inafika kilobiti 990. Simu za iPhone hazitumii LDAC kabisa, hivyo mwenye iPhone asilipie zaidi kwa ajili ya sifa hiyo. Kwa safari tofauti hii si kubwa. Kwa mtu anayesikiliza akiwa amekaa sebuleni kwake, hedifoni za waya za bei hiyo hiyo mara nyingi zitampa muziki bora zaidi, kwa kuwa fedha yote imeingia kwenye spika na si kwenye chipu, betri na vinasa sauti.

La tatu ni betri na waya. Jozi nzuri hudumu saa 20 hadi 30 kelele ikiwa imezimwa, na nyingine zaidi. Hakikisha ina tundu la waya wa kawaida wa milimita 3.5, kwa sababu katika ndege nyingi runinga ya kitini haina Bluetooth. Asiye na waya atatazama filamu bila sauti.

La nne ni uvaaji. Sony WH-1000XM5 ina uzito wa gramu 250 hivi, wakati AirPods Max ya Apple, ambayo ina chuma kingi, ni gramu 385 hivi. Gramu 135 hazisikiki dukani, zinasikika baada ya saa sita. Mvaaji wa miwani, kofia au mtandio ajaribu akiwa amevaa hivyo hivyo, maana nafasi ndogo kati ya sponji na ngozi hupitisha kelele na kupunguza kazi ya chipu. Na kwa joto la pwani, ngozi ya bandia ya kikombe huloa jasho na baadaye hubanduka. Uliza kama sponji za kubadilisha zinapatikana.

Bei zilivyotangazwa

Hizi hapa ni bei za kuanzia zilizotangazwa nchini Marekani kila bidhaa ilipotoka, kabla ya kodi. Saa za betri ni za kampuni zenyewe, kelele ikiwa imezimwa.

Sony WH-1000XM4, mwaka 2020: Dola 350, saa 30.
Sony WH-1000XM5, mwaka 2022: Dola 400, saa 30.
Sony WH-1000XM6, mwaka 2025: Dola 450, saa 30.
Bose QuietComfort Ultra, toleo la kwanza, mwaka 2023: Dola 429, saa 24.
Sennheiser Momentum 4, mwaka 2022: Dola 350, saa 60.
Apple AirPods Max, mwaka 2020: Dola 549, saa 20.
Soundcore Space One ya kampuni ya Anker, mwaka 2023: Dola 100, saa 40.

Mtu wa soko ataona mambo mawili katika orodha hii. Kwanza, bei ya toleo jipya la Sony imepanda kwa Dola 50 mara mbili mfululizo, lakini saa za betri zimebaki 30. Kilichoongezeka ni ubora wa kuzima kelele, vinasa sauti na starehe ya kuvaa. Pengine ongezeko hilo lina thamani kwa rubani wa mizigo. Kwa anayesafiri mara chache halionekani sana. Tena XM5 haikunjiki kama XM4, hivyo inachukua nafasi kubwa zaidi kwenye mkoba, na XM6 ikarudia kukunjika.

Pili, Anker inaomba chini ya robo ya bei ya XM6 na inatoa saa kumi zaidi za betri. Ukimya na muziki wake havifikii vya Sony na Bose, lakini haviko mbali kwa kiasi cha tofauti ya bei. Ndiyo sababu daraja hili la kati, la kati ya Dola 80 na 150, linastahili macho ya wenye maduka kuliko daraja la juu.

Hesabu ya msafiri

Tuchukue mfano wa mfanyabiashara anayekwenda Guangzhou mara mbili kwa mwaka kupitia Addis Ababa, na Dubai mara nne. Safari ya Guangzhou kwenda na kurudi ni kama saa 27 za kuwa angani. Ya Dubai ni kama saa 11. Jumla yake kwa mwaka ni saa 98, tuseme 100.

Akinunua jozi ya Dola 400 na kuitumia miaka mitatu, atakuwa ameitumia saa 300. Kila saa ya ukimya imemgharimu Dola 1.33. Akinunua toleo lililotangulia kwa Dola 280, kila saa ni senti 93. Akinunua ya Dola 100 ikadumu miaka miwili, kila saa ni senti 50.

Sasa tumchukue ndugu yake anayekwenda Dubai mara moja tu kwa mwaka. Kwa miaka mitatu ana saa 33. Jozi ile ile ya Dola 400 inamgharimu Dola 12 kwa kila saa. Kwa fedha hiyo heri anunue vizibo vya sponji vya masikioni, alale, na kiasi kinachobaki akiongeze kwenye mzigo.

Hesabu hiyo inaonyesha kuwa bidhaa moja inaweza kuwa rahisi kwa mmoja na ghali kwa mwingine bila bei kubadilika hata senti. Anayefanya kazi katika ofisi yenye kiyoyozi kinachonguruma, au karibu na jenereta, ajumlishe na saa hizo. Mwenye kutafuta hedifoni za kuvaa shingoni Jumamosi asijidanganye kwa kuziita za safari.

Hesabu ya mwenye duka

Kwa muuzaji, hatari kubwa iko kwenye kalenda. Sony ilitoa XM3 mwaka 2018, XM4 mwaka 2020, XM5 mwaka 2022 na XM6 mwaka 2025. Bose ilitoa QuietComfort 45 mwaka 2021, Ultra mwaka 2023 na toleo la pili la Ultra mwaka 2025. Kila toleo jipya linapotangazwa, la zamani hushuka bei katika maduka ya nje, na mteja wa Dar es Salaam, Mombasa au Kampala huiona bei hiyo kwenye simu yake siku hiyo hiyo.

Fikiria muuzaji aliyeleta jozi 20 zilizomfikia kwa Dola 300 kila moja, baada ya nauli ya mzigo na ushuru wa forodha. Amefunga Dola 6,000. Anauza nane kwa faida ya Dola 50 kila moja, anapata Dola 400. Toleo jipya linatoka, na zile 12 zilizobaki analazimika kuziuza kwa Dola 250. Hapo anapoteza Dola 600. Mwisho wa yote yuko chini kwa Dola 200, na bado hajalipa kodi ya fremu wala mshahara wa kijana wa dukani.

Kuna hasara nyingine iliyojificha ndani ya boksi. Betri hizi za lithiamu huchoka hata zisipotumika, hasa zikikaa kwenye joto au zikiachwa zimeisha chaji kabisa. Msafiri wetu wa saa 100 kwa mwaka anachaji jozi ya saa 30 mara nne tu katika mwaka huo. Kwa mtu kama huyo umri na joto huimaliza betri kabla ya matumizi. Jozi iliyokaa stoo ya bati miaka mitatu inaweza kuwa mpya kwa macho na kuwa nzee kwa betri. Mwenye duka auze ya kwanza kuingia kabla ya ya mwisho, na mteja aulize mzigo uliingia lini.

Jozi zilizotumika au zilizokarabatiwa kutoka Uingereza na Marekani zina soko, ila bei yake lazima ibebe hofu hiyo ya betri. Kama muuzaji hatoi hata miezi mitatu ya waranti, thamani yake ni ya kubahatisha.

Feki na dalili zake

Bidhaa yoyote yenye nembo ghali na umbo rahisi kuigwa hufuatwa na bidhaa bandia, na hedifoni hizi hazikupona. Tanzania ina Tume ya Ushindani, FCC, inayosimamia Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, na Kenya ina Mamlaka ya Kupambana na Bidhaa Bandia. Vyombo hivyo vinaweza kukamata mzigo na kuuteketeza, na anayeumia ni yule aliyeulipia. Mfanyabiashara anayedanganywa na bei huko China akumbuke kuwa akikamatwa, maelezo kuwa hakujua hayatarudisha mtaji.

Dalili za kuangalia ni hizi. Bei iliyo chini ya theluthi ya bei ya dunia kwa toleo ambalo bado linatengenezwa haina maelezo ya kweli. Jozi bandia mara nyingi ni nyepesi kuliko uzito uliotajwa na kampuni, hivyo mizani ndogo ya jikoni ni shahidi mzuri. Namba ya bidhaa kwenye boksi ilingane na iliyo kwenye hedifoni. Programu ya simu ya kampuni husika iitambue jozi na ionyeshe mipangilio yake. Kwa bidhaa za Apple, kijipicha kinachojitokeza kwenye iPhone si ushahidi, kwa kuwa waigaji wamekwisha kujifunza kukitoa.

Dalili hizo zote zinaweza kughushiwa moja moja. Kipimo kigumu kughushi ni kile cha jenereta, kwa sababu kuzima kelele vizuri kunahitaji chipu nzuri, na chipu nzuri ina gharama. Hapo ndipo mwandishi huyu angejiokolea Sh 95,000 zake.

Masikio nayo ni mtaji

Ipo faida moja ambayo wauzaji hawaitaji, nayo pengine ndiyo yenye uzito kuliko zote. Ndani ya ndege kelele hufika kama desibeli 80 hadi 85. Mwenye hedifoni za kawaida hulazimika kupandisha muziki juu ya kelele hiyo ili ausikie. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Sauti ikifika desibeli 90, muda ulio salama hushuka hadi saa nne kwa wiki. Safari moja ya Guangzhou ina zaidi ya hizo kwa upande mmoja tu.

Jozi nzuri inayoondoa mngurumo inamruhusu msafiri kusikiliza kwa sauti ya chini. Hivyo anayesafiri sana ana sababu ya kiafya ya kununua, mbali na starehe. Lakini sharti apunguze sauti kweli. Anayezima kelele kisha akapandisha muziki hadi mwisho amelipa Dola 400 ili aumie vizuri zaidi. Na barabarani asivae kabisa, kwa sababu mngurumo wa lori linalokuja ni kelele ile ile ambayo chipu imefundishwa kuifuta.

Walio nyuma ya nembo

Mwekezaji mdogo anayeuliza kama kuna hisa za kununua katika biashara hii ajue kuwa kampuni iliyoianzisha haiko sokoni. Bose ni kampuni binafsi, na mwaka 2011 Amar Bose alikipa chuo cha MIT sehemu kubwa ya hisa zake zisizo na kura. Chuo kinapokea gawio, lakini hakiruhusiwi kuziuza wala kuingilia uendeshaji. Sony na Apple zina hisa katika masoko ya hisa, ila hedifoni ni kipande kidogo cha mapato yake. Sennheiser iliuza kitengo chake cha bidhaa za watumiaji kwa Sonova ya Uswisi, mtengenezaji wa vifaa vya wasiosikia vizuri, kwa Euro milioni 200 katika mpango uliotangazwa mwaka 2021 na kukamilika mwaka 2022. JBL nayo iko chini ya Samsung tangu ilipoinunua Harman mwaka 2017 kwa takriban Dola bilioni 8.

Mauzo ya Sennheiser yanaeleza jambo. Kampuni yenye jina kubwa la muziki iliona ni vigumu kushindana peke yake katika bidhaa ambayo chipu zake hubadilika kila baada ya miaka miwili au mitatu. Kama mtengenezaji aliona hivyo, mwenye duka la fremu moja asijitwishe mzigo wa miaka miwili.

Msimamo wa ukurasa huu

Msafiri mwenye saa 80 na zaidi za ndege kwa mwaka: anunue, na achukue toleo lililotangulia, si lililotoka jana. Ukimya ni karibu ule ule na bei imekwisha pumua.

Msafiri wa mara mbili au tatu kwa mwaka: daraja la kati, karibu na Dola 100, linamtosha. Asivuke hapo.

Mpenzi wa muziki anayesikiliza nyumbani: asilipie kuzima kelele. Atafute hedifoni za waya.

Abiria wa basi peke yake: daraja la kati, akijua kuwa runinga ya basi ataendelea kuisikia.

Mwenye duka: alete jozi chache za daraja la juu, tano badala ya ishirini, na nyingi zaidi za daraja la kati. Aweke jozi moja ya majaribio karibu na feni, amwache mteja abonyeze kitufe mwenyewe. Atoe waranti ya maandishi, maana waranti ndiyo kitu ambacho muuza feki hawezi kuiga. Na asiagize mzigo mkubwa wa toleo ambalo limetimiza miaka miwili sokoni.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kabla ya kwenda dukani, chukua daftari la safari zako za mwaka uliopita, jumlisha saa ulizokaa angani, kisha gawanya bei kwa jumla hiyo.